Kamari ya Mkononi na Ukimya wa Wazee

Mwishoni mwa Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia michezo ya kubahatisha nchini Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikieleza kwamba kamari ilikuwa ikitangazwa kana kwamba ni njia halali ya kutajirika na kwamba watoto walikuwa wakivutwa ndani yake. Mjadala uliozuka ukajaa habari za kodi, ajira na mapato ya vyombo vya habari, na sauti ya misikiti, ambayo ilipaswa kutangulia zote kuanzia Lamu hadi Mtwara, ikasikika kwa unyonge wa kutia aibu.

Hukumu yenyewe haina utata. Katika Sura al-Maida, aya ya 90 na 91, maisir, yaani kila mchezo ambamo mali huwekwa dhamana kwa bahati ili mmoja afaidike kwa hasara ya mwenzake, imetajwa pamoja na ulevi kuwa ni uchafu katika kazi za shetani, atakaye kutia uadui baina ya waumini na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasiswali. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba anayemwambia mwenzake waje wacheze kamari na atoe sadaka. Ikiwa mwaliko mtupu unahitaji kafara, mtangazaji anayewaalika maelfu kila asubuhi, kisha Ijumaa akaketi safu ya kwanza, ana deni la kiasi gani?

Husemwa kwamba kosa ni la utandawazi, yaani kule kufungamana kwa masoko, habari na desturi za mataifa hata la mbali likawa la jirani. Ni kweli kwamba Ligi Kuu ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1992, imeingia katika kila kibandaumiza, na kwamba M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imeifanya simu kuwa mkoba. Mwaka 2017 kampuni moja ya ubashiri ilizidhamini Everton, Simba na Yanga kwa pamoja, na Julai ya mwaka huo Everton ikacheza Dar es Salaam na kuifunga Gor Mahia mabao 2 kwa 1. Uwanja ulishangilia bao la Wayne Rooney, lakini ni wachache waliouliza karamu ile ililipiwa na mfuko wa nani. Hesabu yake si ngumu: timu mbili zenye nguvu sawa zikipewa odi ya 1.90, yaani kizidishio cha dau, na watu wawili wakaweka shilingi 1,000 kila mmoja upande wake, mshindi hulipwa 1,900 na 100 hubaki kwa kampuni, timu yoyote kati ya hizo ikishinda.

Wapo vijana wanaojitetea kwa kisa cha Abubakar Siddiq, na kisa hicho kinastahili kusimuliwa chote, kwa kuwa wanaokitaja hukikata katikati. Waajemi walipowashinda Warumi, washirikina wa Makka walifurahi, kwa kuwa Waajemi, kama wao, hawakuwa watu wa Kitabu, na Sura ar-Rum ikateremka kubashiri kwamba Warumi watashinda katika miaka michache. Abubakar akawekeana dau na Maquraishi kwa muda mfupi. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwelekeza kwamba neno la Qur'ani lilihusu miaka kati ya mitatu na tisa, basi muda ukarefushwa, na Warumi wakashinda kweli. Hapo ndipo kijana hunyamaza. Lakini Tirmidhi ameeleza kwamba hayo yalikuwa kabla ya dau kuharamishwa, na zipo riwaya kwamba mali ile iliamriwa itolewe sadaka. Zaidi ya hayo, Abubakar alisimama juu ya ahadi ya Mola wake, ilhali kijana wa leo anasimama juu ya goti la mchezaji wa Liverpool, ambalo maumivu yake anayajua kuliko anavyomjua mgonjwa wa nyumba ya pili.

Hata hivyo lawama kubwa si ya kijana. Utandawazi ulibisha hodi tu. Waliofungua mlango ni wazee waliopangisha fremu zao kwa maduka ya kubeti, viongozi wa vilabu waliopokea udhamini bila kuuliza, na mahatibu wanaokemea urefu wa nguo za mabinti kwa dakika 40 na kuipita kamari kwa sentensi moja. Aprili 2023, vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza, ambavyo havidai kumwogopa Allah, vilikubaliana kuondoa wadhamini wa kamari kifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Muumini anayeswali ndani ya jezi yenye jina la kampuni ya kamari, imamu akamtazama na kunyamaza, hana Mzungu wa kumsingizia.

Basi mwenye fremu na avunje mkataba, mtangazaji na akatae tangazo, na hatibu aliyeyasoma haya aitaje kamari kwa jina lake juu ya mimbari Ijumaa hii, hata kama mfadhili wa zulia la msikiti ameketi mbele yake.