Mgonjwa Alipe Lini?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo watu wengi hulijibu kwa haraka mno. Je, kuwatibu wagonjwa ni kazi ya serikali, au ni kazi ya watu binafsi? Mmoja husema ni ya serikali, kwani uhai wa mwanadamu haupelekwi sokoni. Mwingine husema ni ya watu binafsi, kwani mali ya wote haina mwenye kuitunza. Kila mmoja ana sehemu ya haki, lakini kwa maoni yangu wote wawili hawajalifikia jambo lenyewe.

Na tuwasikilize kwanza. Wanaotetea hospitali za watu binafsi husema kwamba daktari ajuaye kuwa mgonjwa wake aweza kwenda kwingine humpokea kwa adabu na kumhudumia upesi. Neno hili si uzushi. Yeyote aliyepata kukaa tangu alfajiri juu ya benchi la hospitali ya umma, akamwona daktari saa nane, kisha akapewa karatasi akanunue dawa katika duka la ng'ambo ya barabara, atalikubali. Mimi mwenyewe nimeishika karatasi hiyo mkononi.

Lakini biashara nayo ina sharti lake. Anunuaye kitambaa hukigusa, hukipima, na bei isipompendeza huondoka. Je, mgonjwa aweza kufanya hivyo? Mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1963 kwamba matibabu hayafanani na bidhaa nyingine, maana mtu hajui ataugua lini, na akiugua hana elimu ya kupima kile anachouziwa. Amwambiaye kuwa anahitaji kupasuliwa huenda akawa ndiye atakayelipwa kwa kumpasua. Na mama aliyempakata mtoto anayetetemeka kwa homa usiku wa manane hatakwenda maduka matatu kulinganisha bei. Yeye haingii mle kama mnunuzi. Anaingia kama mtu aliyekwisha kujitoa mikononi mwa mwingine.

Kwa sababu hizo wako waliodhani kwamba dawa ni kuifunga biashara hiyo kabisa. Tanzania ilijaribu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati na vituo vya afya vilijengwa vijijini kwa wingi, na matibabu ya serikali yakatolewa bila malipo. Kisha sheria ya mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, ikaziacha zile za mashirika yaliyokubaliwa, mengi yao yakiwa ya dini. Nia yake ilikuwa njema, nami sipendi kuwasikia watu wakiicheka leo. Mwanakijiji ambaye babu yake hakuwahi kumwona mganga wa hospitali alipata mahali pa kupeleka mtoto kuchanjwa.

Hata hivyo, katika miaka ya 1980 hazina ilipopungukiwa, rafu za dawa zilibaki tupu. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba sheria yaweza kufuta ada iliyoandikwa ukutani, isiweze kuufuta mkono unaonyoshwa chini ya meza. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa halipi alilipa. Tofauti ni kwamba hakupewa risiti.

Basi mwaka 1991 mlango wa hospitali za watu binafsi ukafunguliwa tena, na kuanzia 1993 hospitali za serikali zenyewe zikaanza kutoza ada. Jirani zetu nao walipita njia hiyo hiyo. Kenya ilianzisha ada Desemba 1989, ikazisimamisha mwaka 1990, kisha ikazirudisha hatua kwa hatua. Uganda ilizifuta katika vituo vya serikali mwaka 2001, na wagonjwa wakamiminika, hasa maskini. Umati huo, ndugu msomaji, ni ushahidi mzito: watu hao hawakuanza kuugua mwaka ule. Walikuwa wakiugua majumbani. Lakini dawa zilipokwisha vituoni, wengi wao walilazimika tena kwenda kuzinunua madukani.

Twaona nini hapa? Serikali iliyotoza ada ilimfukuza maskini kama afanyavyo mfanyabiashara. Serikali isiyotoza ada na isiyo na dawa ilimpeleka kwa mfanyabiashara huyo huyo. Kwa hiyo kuuliza hospitali ni ya nani hakutoshi. Yatupasa kuuliza: fedha hutolewa lini? Wakati mtu ni mzima na anafanya kazi, au wakati amelala hoi na jamaa zake wanauza mbuzi?

Kulipa ukiwa mzima kunawezekana kwa njia nyingi. Uingereza ilichagua kodi, na huduma yake ya taifa ikaanza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri Aneurin Bevan. Mwaka 1951 serikali yake ilipoamua kutoza sehemu ya gharama za meno ya bandia na miwani, Bevan alijiuzulu. Wengine walimwona mkaidi, kuacha uwaziri kwa ajili ya miwani! Mimi naona alielewa vyema ni mlango gani uliokuwa ukifunguliwa. Karne nyingi kabla yake, huko Cairo, hospitali ya Sultani Qalawun iliyojengwa kati ya miaka ya 1280 iliendeshwa kwa mapato ya wakfu, ikapokea tajiri na fukara, wanaume na wanawake. Mali ilikuwa imekwisha tengwa kabla mgonjwa hajafika mlangoni.

Na huko Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996 ulianzishwa mfuko wa afya ya jamii, kaya zikichanga mara moja kwa mwaka. Ulikuwa mpango mzuri wenye shida moja: uanachama ulikuwa wa hiari. Mtu mwenye afya huona mchango huo kama fedha iliyopotea, na kwa kawaida aharakishaye kujiunga ni yule aliyekwisha kuanza kukohoa. Tanzania ilitunga sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na hapo pametuama fundo la haki. Je, yafaa kijana mwenye nguvu alazimishwe kumlipia mzee asiyemjua?

Atakayesema kuwa hiyo ni dhuluma, namwomba akumbuke kwamba kijana huyo hajui ya kesho. Lakini naye ana swali asilojibiwa bado kwa ukamilifu: ni nani atakayemchangia yule ambaye hata akiwa mzima hana shilingi?