Mwenye Kuulizwa ni Nani?

Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kufariki mwaka 1935, aliandika risala kuhusu picha za kamera, na hoja yake imenikaa kichwani tangu nilipokuwa kijana wa chumba cha giza katika studio moja hapa Mombasa. Hadithi zinazowaonya wenye kutengeneza sura, alieleza, zinamhusu anayetaka kushindana na uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Mpiga picha haumbi kitu. Sura ipo tayari, nuru imeileta, na kamera imeizuia tu isipotee, kama kwamba kioo kimeweza kubaki na kilichopita mbele yake.

Si maulamaa wote walioikubali hoja hiyo, na wanaoipinga hadi leo wana dalili zao. Mimi naikubali. Ila kila nikiizingatia naona imeniachia mzigo. Ikiwa sura si kazi yangu, basi mimi nimefanya nini? Nilichofanya ni kuchagua: nimesimama wapi, nimemwelekea nani, kwa umbali gani, na kidole kimeshuka wakati gani. Hayo ndiyo matendo yangu pale, na hayo ndiyo nitakayoulizwa.

Kwa hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliponijia na kuniambia, "Mjomba, nataka kamera ndogo ya filamu, ya kutia mkobani, ninunue ipi?", niliketi naye kitako. Alikuwa ameandika majina kwenye simu yake. Juu kabisa Contax T2, ya mwaka 1990, bodi ya titani, lenzi ya Carl Zeiss. Ni kamera nzuri, sina la kuitoa. Lakini bei yake siku hizi inatisha, na Kyocera walioitengeneza walitangaza kuacha kazi ya kamera mwaka 2005. Umeme wake ukifa, fundi hana pa kupata spea ila achinje nyingine. Nikamwambia aifute.

Ya pili ilikuwa Olympus mju II ya mwaka 1997, na hiyo ilitushughulisha jioni nzima. Inaingia kiganjani. Unasukuma kifuniko, unabonyeza, basi. Imepima mwanga, imepima umbali, imeamua flashi iwake au isiwake. Unaweza kuizima flashi, lakini ukifunga kifuniko na kufungua tena, kamera imerudi kwenye uamuzi wake. Bibi amekaa dirishani baada ya Alfajiri, tasbihi mkononi, nawe umekusudia kumchukua kwa mwanga uleule wa asubuhi bila kumkata uradi wake. Ukipitiwa kidogo tu, mwanga unamlipukia usoni. Nia ilikuwa yako, kitendo kimekuwa cha mwingine, na aliyeshtuka ni bibi.

Jambo hili nimeliona sana kwenye filamu za wateja. Kamera ya kwanza kuuzwa yenye kujipimia umbali ilikuwa Konica C35 AF, mwaka 1977, na nyingi za mfukoni zilizoifuata hupima pale katikati ya fremu. Sasa waweke watu wawili ubavu kwa ubavu, pabaki upenyo kati yao. Kamera inapita kwenye upenyo na kupima ukuta. Nikiinua mkanda mbichi kutoka kwenye maji na kuutazama kwa taa, nilikuwa nawaona: bwana na bibi harusi ukungu mtupu, hata kanzu haina ukingo, na nyuma yao plasta imetoka na kila ufa wake, mpaka msumari wa kalenda. Aliyepiga alikuwa ndugu yao. Alikuwa akiwatazama wao, na hakuna mtu duniani aliyekusudia ukuta ule.

Mpwa wangu amesoma madrasa na hakubali kitu kwa sababu tu kimesemwa na mkubwa. "Lakini Mjomba," akasema, "nia si iko moyoni? Anayekwenda msikitini kwa gari na anayekwenda kwa miguu wote wamekwenda kuswali. Mashine inanisaidia tu."

Ni hoja ya haki. Hadithi ya nia ndiyo ya kwanza katika Arubaini za Imam Nawawi, na sote tumeihifadhi utotoni. Lakini Ghazali, aliyeitengea nia na ikhlasi kitabu kizima ndani ya Ihyaa, hakubali kwamba nia ni mtu kujisemea moyoni kuwa amekusudia. Kwake nia ni msukumo wa nafsi kuelekea kwenye jambo. Msukumo huo lazima ufike kwenye kiungo, mguu usogee, mkono uinuke. Gari humfikisha mtu msikitini alikokusudia. Kamera iliyopima ukuta imekwenda kwingine, na mwenyewe hana habari mpaka filamu isafishwe.

Ya mwisho kwenye orodha yake, aliyoiandika kwa sababu ya bei, ilikuwa Olympus Trip 35. Hiyo ndiyo niliyomchagulia.

Ilitoka mwaka 1967 na ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1980. Haina betri. Lenzi imezungukwa na kioo chenye vinundu, na chini yake kuna seleni, madini yanayogeuza mwanga kuwa umeme kidogo, kiasi cha kuusogeza mshale ndani. Mwanga inajipimia, umbali inakuachia wewe. Kwenye pete ya lenzi kuna alama nne: mtu mmoja, watu wawili, kundi, na mlima. Mtu mmoja ni kama mita moja, wawili ni mita moja na nusu, kundi ni karibu mita tatu, mlima ni kila kilicho mbali. Kabla hujabonyeza, lazima ujiambie ukweli: huyu yuko mbali nami kiasi gani?

Hapo ndipo ninapopapenda. Lenzi yake haivuti. Ukitaka uso wa mtu, uende kwake mpaka mita moja, na mita moja ni umbali wa salamu. Huwezi kufika hapo bila yeye kukuona, akakuuliza wataka nini, akakubali au akakataa. Uso wa mtu huwezi kumwibia toka ng'ambo ya barabara. Ukiona haya kusogea, haya hiyo inakwambia kitu kuhusu picha uliyotaka kupiga.

Tena kamera hii hukataa. Mwanga ukiwa mdogo, ulimi mwekundu huinuka ndani ya kitundu cha kutazamia na kitufe hakishuki. Katika vyumba vya ndani vya nyumba zetu za Mji wa Kale, ulimi ule utauona mara nyingi, hata kwa filamu ya ASA 400, ambayo ndiyo kikomo cha kamera hii. Itabidi umwombe mtu atoke mlangoni, au uiache picha. Kuacha nako ni kitendo, na kina nia yake.

Nilimwambia pia mahali hoja yangu inapofika ukingoni. Mwenye mama mgonjwa asiyetoka kitandani asinunue Trip. Achukue mju II na aizime flashi kila akifungua kifuniko. Na kamera ya kujipimia umbali, ukibonyeza kitufe nusu ukiwa umemlenga mtu, kisha ukapanga fremu yako na kumalizia, hukurudishia sehemu kubwa ya uamuzi. Sikatai mashine. Nakataa mtu kukabidhi jambo ambalo hajui kuwa amelikabidhi.

Dukani, nikamwambia, ziba lenzi kwa kiganja na ubonyeze: ulimi mwekundu lazima uinuke. Elekeza kwenye mwanga, ubonyeze tena: lazima ifyatuke. Fungua mgongo uguse sponji nyeusi. Ikinata vidoleni imeoza na itapitisha mwanga, ingawa hiyo hubadilishwa kwa urahisi.

Na asiache negativu kwa msafishaji. Siku hizi wengi hutumiwa picha kwenye simu na mkanda wenyewe hawaurudii, na mimi hilo linaniuma. Uso wa mtu aliokupa kwa ridhaa ni amana, na Qur'ani imetuamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Enzi za studio, mwanamke akija kusema hataki tena picha yake ikae kwetu, tulimkatia kipande chake cha negativu tukampa mkononi, akaondoka nacho. Nakala iliyokwisha kuingia kwenye simu na kompyuta za watu anarudishiwa vipi? Mpwa wangu aliniuliza, nami nikamwambia alipeleke swali hilo kwa sheikh wake, aniletee jibu.