Faragha ya Wawili, Siri ya Mmoja

SOMO: Mwanzo 25:20–26, 30:1–2



Isaka na Yakobo, baba na mwana, walikutwa na jambo moja: mke hapati mtoto. Isaka alimwombea Rebeka, na miaka 20 ikapita kabla ya mapacha. Yakobo yeye alimkasirikia Raheli, akamwuliza kama yeye ndiye Mungu. Ndugu uliyeoa, wewe ni yupi?

Hapa Eastlands tunajua vile huenda. Harusi ikipitisha miaka miwili, maswali yanaanza: kwa chama, kwa ngazi za ploti, hata hapa nje baada ya ibada. Na yote anaulizwa dada. Ndiye anayeitwa mbele kuombewa, ndiye anayeenda kliniki peke yake. Mume anasema, "Mimi niko sawa," na hajapimwa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi: shida inaweza kuwa kwa mke, kwa mume, kwa wote wawili, au isijulikane iko wapi.

Matibabu yapo. Tangu 2006 watoto waliotungwa maabara wamezaliwa papa hapa Nairobi. Lakini ni ghali, na si kila anayelipa hubeba mimba. Basi tuulize pia: ndoa itabaki vipi?

Kule Denmark, kuanzia 2000, watafiti waliwafuata watu 2,250, wake kwa waume, waliokuwa wakianza matibabu hayo. Karibu mwanamke mmoja kati ya wanne, na mwanamume mmoja kati ya watano, walisema shida ile imewavuta karibu sana na mwenzao. Lakini wanaume walioificha kama siri, au waliopata ugumu kuongea na wake zao, walielekea zaidi kuikosa faida hiyo.

Mtu atasema, "Nanyamaza nimlinde mke wangu." Ndugu, faragha mnailinda wawili. Siri mmoja huibeba kwa niaba ya mwingine. Watu wakimwita mkeo tasa nawe umekaa kimya, umejificha nyuma yake.

Wiki hii omba naye kwa sauti, umtaje kwa jina. Halafu pandeni matatu pamoja, mpimwe wote wawili. Na mama yako akiuliza, jibu wewe.

Nasi wengine tuache kuhesabu miezi ya watu. Amina.