Kuhesabu Fedha Katika Simu, na Swali la Zawadi

Siku hizi vijana wa Kanazi na wa vijiji vya jirani huulizana ni programu ipi ya simu ifaayo kuandikia mapato na matumizi ya mtu. Swali laonekana dogo, mfano wa mtu aulizaye dukani ni jembe lipi lililo kali. Walakini tukilitazama vema twaona kwamba ndani yake limo swali jingine lililo zito, maana daftari la fedha huufundisha moyo wa mwenyewe pamoja na mkono wake. Lile analoliita hasara leo, kesho ataliepuka.

Wako wasemao kwamba mtu mwenye akili hana haja ya kuandika, kwa kuwa wazee waliweka hesabu zao kichwani. Ni kweli, lakini fedha ya wazee ilikuwa na mwili. Simbi zilitungwa uzini zikaonekana kwa macho. Rupia ya Wadachi ililia mfukoni. Na shilingi iliyoingia mwaka 1921 nayo ilikuwa na uzito wake mkononi. Fedha ya simu haina sauti wala uzito. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na kufika kwetu Tanzania mwaka 2008, fedha huja kwa ujumbe na kwenda kwa namba ya siri, na mtu hukuta jioni ya kwamba imekwisha bila yeye kuona chochote kikitoka nyumbani mwake. Basi kwa fedha ya namna hii kuandika si ulegevu wa akili.

Programu zenyewe ni za namna nyingi. Ziko zile ambazo mtu huandika mwenyewe kila alichonunua, sabuni, chumvi, nauli ya bodaboda. Ziko zinazosoma ujumbe wa fedha ulioingia katika simu na kujiandikia zenyewe. Hizi humpendeza mvivu. Tena iko namna ya bahasha, kama ile iitwayo Goodbudget, ambayo huigawa fedha mwanzoni, hii ya ada, hii ya chumvi, hii ya dawa, na bahasha ikiisha imeisha. Mama zetu waliijua namna hii zamani sana, wakiifunga kila fedha katika fundo lake la khanga.

Lakini karibu zote zimetungwa na watu wanaolipwa mshahara, nazo kwanza humwuliza mtu, Wapata kiasi gani kwa mwezi? Mkulima wa Kanazi atajibu nini? Kahawa yake hulipwa kwa msimu. Ndizi na maharage ya kibanja hayaonekani katika hesabu ya fedha hata kidogo, ingawa ndiyo yanayoishibisha nyumba. Kwa programu ya namna hiyo mtu huyu ni tajiri mwezi mmoja na fukara miezi kumi na mmoja, wala si kweli kwamba yuko hivyo. Yafaa atafute ile imruhusuyo kuhesabu kwa mwaka. Tuseme amepokea shilingi 1,800,000 za kahawa: hiyo ni 150,000 kwa kila mwezi mpaka msimu mwingine, naye ayaone maneno hayo siku ile ile ya malipo, kabla ya kupita madukani Bukoba mjini.

Twasema hivi kwa sababu ya butura. Kila mtu wa Kagera alijua neno hili: kahawa ingali maua, au mbichi mtini, nayo imekwisha kuuzwa kwa bei ya chini kwa mtu mwenye fedha mkononi. Serikali imekataza, vyama vya ushirika vimeonya, na bado butura hurudi, maana shida haingoji mavuno. Tusimdhihaki anayeuza hivyo kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Lakini wengine huuza kwa sababu hawakujua mwezi wa Septemba watahitaji nini mwezi wa Februari, na hawa daftari lingewasaidia.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Tuchukue mfano wa kijana aliyetoka huku, mwenye kazi Mwanza, ambaye kila mwezi humpelekea mama yake shilingi 40,000. Programu yake haina mahali pa mama. Inayo chakula, usafiri, nyumba, starehe, na mwisho "mengineyo". Huiandika fedha ya mama katika mengineyo, na kila mwisho wa mwezi programu humwonyesha alama nyekundu, ikimshauri apunguze fungu hilo. Haikumtukana mtu, wala haikudanganya katika kujumlisha. Lakini ikimwonya hivyo mwaka mzima, je, hataanza kumwona mama yake kuwa tundu katika mfuko? Twadhani ataanza. Hesabu hujua kiasi cha kitu. Kitu chenyewe ni nini, haikijui mpaka mwenye daftari akipe jina.

Wengine wakisikia hayo husema, basi zawadi isiandikwe kabisa, kwa kuwa kutoa kwa kuhesabu si kutoa. Hatukubaliani nao. Twawajua watu wakarimu katika kila msiba na kila harusi, ambao rambirambi zao hazikosi na michango yao hutajwa kwa sauti, kumbe nyumbani watoto wamekosa viatu vya shule na kahawa imekwenda butura. Yeye asiyehesabu akitoa, aghalabu hutoa kilicho cha mwingine bila kumwuliza. Vyama vya kuzikana, ambavyo Wahaya huviita bujuni, vimelijua hili tangu zamani: kila mtu na mchango wake, na jina lake limeandikwa, wala hakuna aonaye kwamba kwa kuandikwa wema umepotea. Basi zawadi iandikwe, lakini iwe na mahali pake penye jina lake, tena itengwe mwanzoni pamoja na ada na chumvi, isiokotwe katika mabaki. Programu isiyokubali mtu aweke majina yake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, tungeiacha hata ikiwa na mapambo mengi.

Pia yapasa kuuliza ni nani mwingine alisomaye daftari hilo. Programu nyingine hujivika vazi la mhesabu fedha, kumbe kazi yake ni kukopesha. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali chake. Watu wengi walikuwa wamelalamika kwamba mdaiwa akichelewa, ujumbe wa kumwaibisha hupelekwa kwa ndugu na rafiki, ambao namba zao zilichukuliwa katika simu yake. Iko sheria ya kulinda taarifa binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kazi Mei 2023. Lakini sheria humfaa zaidi mtu asiyebonyeza "nakubali" kabla ya kusoma. Daftari la matumizi lina haja gani na majina ya shangazi zako? Likiyaomba, liondoe. Na hata programu njema haidumu milele: Mint ya Marekani, iliyotumiwa na mamilioni ya watu, ilifungwa na wenyewe mwezi wa Machi 2024. Uiulize kwanza kama yakubali kukutolea hesabu zako uzihifadhi mahali pengine.

Limebaki neno moja, nalo ni la nyumbani. Kwa desturi ya zamani fedha ya kahawa ilikaa kwa mume, na simu yenye namba ya siri yaweza kuifanya desturi hiyo kuwa ngumu zaidi kuliko sanduku lenye kufuli, kwa kuwa sanduku angalau lilionekana. Ikiwa nyumbani simu ya namna hiyo ni moja tu, na mke hawezi kuifungua, sisi twapendelea daftari la karatasi liwekwe mezani, na wote wawili waandike. Kalamu ifungwe kwa uzi, maana katika nyumba yenye watoto kalamu haimalizi wiki.