Ameacha Matibabu

Jirani wa mathe hapa Mukuru kwa Njenga ana saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alimwandikia miale siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Alienda siku kumi na moja. Juzi nikimsomea karatasi zake, nikakuta mtu ameandika kwamba mgonjwa ameacha matibabu.

Neno hilo limeninyima usingizi. Mimi pia, kwenye rekodi za chuo fulani, niliacha masomo. Karo ilikwama, nikakosa muhula mmoja, halafu mwingine, basi. Watu wakisikia "aliacha" hudhani niliamka tu siku moja nikachoka na vitabu.

Sasa tupige hesabu. Kutoka huku hadi hospitali ni matatu mbili. Kwenda na kurudi, 200. Miale inachosha, kwa hivyo lazima mtu amsindikize. Hiyo ni 400. Mara siku 25, ni 10,000, na bado hatujahesabu mandazi ambayo hayakukaangwa asubuhi hizo zote. SHA hailipi matatu. Ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iliweka 400,000 kwa saratani kwa mwaka, na 150,000 zaidi hizo zikiisha, lakini ni za familia nzima, si za kila mgonjwa. Na asiye na mshahara wa mwezi alitakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, angalau 3,600.

Kwa hivyo nilimwambia, "Mama, wewe hukuacha. Hukuwa na la kufanya."

Nilidhani namtetea. Akanikemea. "Usinifanye mtoto. Msichana wangu alikuwa arudishwe nyumbani kwa sababu ya karo, nikalipa. Niliamua mimi."

Hapo nikakwama. Nikisema alilazimika, namnyang'anya kitu alichofanya kwa akili yake timamu. Nikisema aliamua, nakubaliana na ile karatasi.

Nimefikiria sana, na nadhani tunachanganya maswali mawili. La kwanza: nani aliamua? Yeye, na tumheshimu kwa hilo. La pili: nani alifanya karo ya mtoto na uhai wa mama vishindanie pesa zile zile? Si yeye. Mtu anaweza kuamua kweli na bado asiwe wa kulaumiwa. Karatasi ilijibu swali la kwanza, ikajifanya imejibu la pili pia. Ingeandika tu "amekosa nauli", mtu fulani ofisini angelazimika kufikiria nauli.

Daktari alimwambia kukatiza miale kunapunguza nguvu yake, hivyo hatuna muda wa falsafa nyingi. Kwa ploti tumeanza kuchanga. Mpaka jana usiku tulikuwa na 2,350. Amesema Jumatatu anarudi kuwauliza kama bado watampokea. Nitamsindikiza mimi; kazi yangu ya kuandika inaweza kungoja.