Chuma Kinaweza Kukana, Hakiwezi Kuapa

Mkusanyaji anapoipindua kofia ya chuma ya jeshi la Ujerumani na kuichungulia ndani, swali lake moja lina maswali mawili tumboni. La kwanza ni la kiwandani: bati hili lilitengenezwa Ujerumani wakati wa vita au lilitoka karakana fulani juzijuzi? La pili ni la maisha ya kofia: ilivaliwa na nani, katika kikosi gani, ikiwa na nembo ipi? Wauzaji hupenda maswali haya yachanganywe, kwa sababu jibu la swali la kwanza mara nyingi hupatikana bila taabu, kisha hutumiwa kuwa dhamana ya jibu la pili. Hoja yangu ni kwamba kofia, hata ichunguzwe vipi, ina uwezo wa kukana maneno yanayosemwa juu yake lakini haina uwezo wa kuyaapia. Na kama ndivyo, anayetamka kwamba kofia ni halisi anatoa ushahidi, naye ana wajibu wote wa shahidi.

Tukitendee haki chuma kwanza, maana kinapokana hukana kwa sauti. Helmeti ya 1916, iliyobuniwa na Friedrich Schwerd wa Hannover, ina vichomozi viwili pembeni vya kushikia bamba la ziada la kukinga paji la uso. Ile ya 1935 ni ndogo zaidi, na matundu yake ya hewa yamevishwa ribiti zenye shimo zilizotengenezwa mbali na bati. Mwaka 1940 matundu yakaanza kutolewa kwenye bati lenyewe. Mwaka 1942, viwanda vikibana muda na gharama, ukingo ukaacha kukunjiwa ndani: ukipitisha kidole unausikia wembamba wa bati lililokatwa na kubenuliwa nje kidogo. Ndani, kwa kawaida upande wa kushoto, zimegongwa herufi za kiwanda na saizi. ET ni Thale, Q ni Quist wa Esslingen, na bati la 64 huchukua bitana ya 57, yenye ndimi nane za ngozi zilizovutwa pamoja kwa kamba. Sasa mtu akuletee bati la 1942 lenye ngao ya rangi tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, adai ni la jeshi la nchi kavu na kwamba liko kama lilivyotoka kiwandani. Jeshi hilo liliacha ngao hiyo kwa amri ya 1940. Bati limemkana mwenyewe.

Lakini geuza mambo upande wa pili uone namna sauti hiyo inavyokatika. Uzi wa bitana uking'aa chini ya taa ya urujuanimno, mara nyingi ni wa baada ya vita, kwa kuwa dawa za kung'arishia nyuzi zilienea wakati huo. Usipong'aa, umethibitisha nini? Mghushi naye anayo taa hiyo, na uzi wa kizamani bado unapatikana. Kila kipimo kinachojulikana kwa mnunuzi kinajulikana pia kwa mdanganyifu, ambaye ana kila sababu ya kukisoma vizuri zaidi. Baya zaidi ni kwamba hana haja hata ya kughushi chuma. Kofia hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingine ziliendelea kuvaliwa baada ya vita katika majeshi kama la Norwei. Anachofanya ni kuchukua bati la kweli, lenye muhuri wa kweli na kutu ya kweli, akalibandika alama za SS, jeshi la chama cha Nazi, zilizochapwa jana, na bei ikapaa. Mwite fundi yeyote apime chuma hicho: kila jibu litakuwa sahihi, na kofia itabaki uongo.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikabiliana na tatizo la sura hii karne nyingi zilizopita, na njia yao ina ukali ambao wakusanyaji wangefaa kuuazima. Walitenganisha matini, yaani maneno yenyewe, na sanad, mnyororo wa waliopokezana maneno hayo. Matini mazuri, yenye hekima, yasiyogongana na chochote, hayakutosha. Bukhari, mmoja wao, alitaka ithibitike kwamba mpokezi alikutana kweli na yule aliyepokea kwake. Muslim, mwanazuoni mwingine, aliridhika kwamba waliishi zama moja na kukutana kuliwezekana. Baadhi ya wakusanyaji husema nunua kofia, usinunue maelezo yake. Nakubali nusu ya usemi huo. Maelezo ya muuzaji ni rahisi kutunga, lakini kuyatupa yote ni kutupa pia chombo cha kuyapimia.

Chukua dai ambalo lingemsisimua mnunuzi wa kwetu: helmeti ya 1916 inayosemwa kuwa ya askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Bati halina tatizo lolote. Tuulize basi swali la Muslim. Zama ni moja, kwani von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Novemba 1918. Je, kukutana kuliwezekana? Kofia ingelazimika kuletwa na shehena kutoka Ujerumani. Meli ya Rubens ilifika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915, kofia ikiwa bado haijaanza kutumika. Meli ya Marie ilifika Sudi Machi 1916, wakati ambapo kofia hizo ndiyo kwanza zinagawiwa huko Verdun, Ufaransa. Chombo cha angani L59, kilichokuwa kikilipelekea jeshi hilo shehena Novemba 1917, kiligeuzwa juu ya Sudan na kurudi. Askari walivaa tarbushi zenye kitambaa cha kaki. Mnyororo umekatika, ingawa chuma ni safi.

Kuna atakayesema: kama hakuna jicho linaloweza kutofautisha, tofauti iko wapi? Mwanafalsafa Nelson Goodman alilijibu swali hili kuhusu picha za kuchora mwaka 1968, akaonyesha kwamba kujua zipo mbili tofauti hubadilisha namna ya kuzitazama leo na kulifundisha jicho la kesho. Kwa kofia jibu ni kali zaidi. Mtu hanunui umbo, kwa sababu umbo angelipata kwenye nakala ya bei ndogo. Ananunua uhusiano na jambo lililotendeka, na uhusiano huo upo au haupo, tuuone tusiuone. Mwingine atauliza kwa nini tuhangaikie ukweli wa nembo za wauaji. Hasa kwa sababu ni za wauaji. Alama hiyo kwenye kofia inadai kwamba mtu wa kikosi fulani alikuwepo, na kuibandika kwa ajili ya faida ni kuzusha ushahidi katika kesi ambayo bado wapo wanaotafuta kuikanusha. Wa tatu atalalamika kwamba kwa ukali huu hatutajua lolote. Si kweli, tutajua kwa viwango. Wanazuoni hawakugawa kila kitu kuwa kweli au uongo, walikuwa na sahihi, hasan (njema), dhaifu na maudhui (iliyozushwa), na hukumu moja ingeweza kuwa ya mnyororo mmoja tu huku mwingine ukisubiri.

Linabaki swali la kazi: mwenye bati la kweli lililobandikwa nembo ya uongo aikwangue? Wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Naona wanakosea, kwa kuwa wanafuta alama pekee ya udanganyifu uliofanyika na kumwachia mghushi wa kesho bati tupu la kuanzia upya. Iachwe, na kadi iliyo chini yake iseme: bati la Quist, mtindo wa 1940, sahihi; bitana, hasan; maelezo ya familia ya muuzaji, dhaifu; alama za SS, maudhui.