Klachi ya Mashindano Kwenye Foleni ya Kimara

Kisa hiki ni cha jamaa yangu wa karibu, naye ameniruhusu nikisimulie mradi nisimtaje jina. Nakileta kwenu ninyi mnaoendesha magari ya gia yenye turbo kila siku, kwa sababu alichokifanya yeye mimi na wewe tunaweza kukifanya kesho.

Gari lake ni Subaru Impreza WRX ya lita 2, lililotoka Japani likiwa limeshatumika, giaboksi yake ya gia 5. Anakaa Mbezi na anafanya kazi Posta. Asubuhi hushuka Kimara, jioni hupanda, na kati ya hapo ni foleni ya Barabara ya Morogoro.

Klachi ya zamani ilianza kuteleza. Akiwa gia ya 4 akikanyaga mafuta, mshale wa mzunguko wa injini ulipanda lakini mwendo haukuongezeka. Hapo hapakuwa na ubishi, diski ilikuwa imekwisha. Naye akawaza: kama ya kiwandani imeshindwa, nifunge kubwa kuliko ya kiwandani. Wazo hilo humjia kila mpenda magari, wala mimi sijitoi. Lakini ile klachi haikushindwa na nguvu za injini. Ilikuwa imefanya kazi miaka mingi kabla gari halijapakiwa melini, ikachakaa kama klachi yoyote inavyochakaa.

Dukani akaonyeshwa diski ya mashindano: vipande 6 vya kauri na chuma, kitovu kigumu kisicho na springi, pamoja na presha pleti nzito na flaiwili nyepesi. Muuzaji akamhakikishia kwamba inabeba Nm 600. Injini ile, inavyotoka kiwandani, hutoa takriban Nm 333. Tofauti ile kubwa ikamfurahisha, akalipa. Fundi alipoipokea akaigeuzageuza mkononi, akamwuliza, "Bosi, hii ni ya kwendea kazini kweli?" Akajibiwa afunge tu. Jamani, fundi mwenye mikono yenye grisi akiuliza swali kama hilo, tusimame kwanza tumsikilize.

Siku hiyo hiyo, gari likitolewa gereji kwa rivasi, lilitetemeka mwili mzima hadi kioo cha ndani kikacheza. Vijana waliokuwepo wakasema itazoea. Wiki ile mke wake akalichukua kwenda sokoni, likamzimikia kila alipoachia klachi, akarudisha funguo na kusema hataki tena. Mumewe akasema ni kukosa mazoezi. Haikuwa hivyo. Flaiwili nyepesi haihifadhi mzunguko wa kutosha kulisaidia gari kuondoka taratibu, na diski ya kauri haina katikati: ama imeachia, ama imekamata. Diski ya kawaida huteleza kidogo kwa upole wakati wa kuondoka, na ulaini huo ndio unaohitajika mtu anaposogea mita 3 na kusimama tena.

Ili gari lisiruke, akazoea kuishikilia klachi nusu nusu huku akikanyaga mafuta. Harufu ya kuungua ikawa inaingia ndani kila jioni, naye akafungua kioo. Goti la mguu wa kushoto likaanza kumuuma. Kisha akaona unyevu chini ya pedali, juu ya kapeti. Yalikuwa mafuta ya breki, yanayotumika pia kusukuma klachi, yakivuja kwa sababu sili za pampu ya juu zilikuwa zimeelemewa na presha ile nzito. Akafuta kwa kitambaa, akajaziliza kichupa, akaendelea na safari. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Gari lilikuwa limeshamwambia kila kitu, na ukarabati bado ulikuwa wa bei ndogo.

Springi zilizo katikati ya diski ya kawaida zina kazi yake: hupokea mshtuko kabla haujafika kwenye gia. Kitovu cha diski yake hakikuwa nazo, na giaboksi ya gia 5 ya WRX haijawahi kusifiwa kwa ugumu. Jioni moja akipanda Kimara, bodaboda ikamkatia mbele. Akakanyaga klachi, akaiachia ghafla, na mlio mmoja mkavu ukatoka chini. Gia ya 2 ikawa haipo. Fundi alipomwaga mafuta ya giaboksi yalitoka na meno ya gia, na flaiwili ilipofunguliwa ilikuwa na madoa ya bluu ya kuungua.

Sasa amefunga diski ya kawaida yenye springi, presha pleti yenye nguvu iliyozidi kidogo tu mahitaji ya injini yake, na flaiwili ya uzito wa kiwandani. Ndugu yangu, ukienda dukani anza kwa kumweleza muuzaji njia unayopita kila siku, ndipo mzungumzie nguvu. Usidanganyike na klachi kuitwa za daraja la 1, 2 au 3, maana kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Hakikisha pia kama yako ni klachi ya kuvuta au ya kusukuma, kwa sababu Subaru wametumia zote mbili na haziingiliani. Giaboksi ikishashushwa, badilisha rilizi beringi, beringi ndogo ya katikati na sili ya nyuma ya kranki, maana sili ikivuja mafuta yataharibu hata diski mpya. Flaiwili ikikutwa na madoa, ipelekwe kusawazishwa au inunuliwe nyingine. Baada ya hapo, kwa kilomita 800 hivi za mwanzo, endesha taratibu mjini bila kulazimisha turbo, na ukisikia harufu ya kuungua katika siku hizo rudi kwa fundi jioni hiyo hiyo.